Supu ya Tambi na Manjano: Maneno Yaliyosemwa Wawi

(Haya ni maneno ya mwezeshaji wa lishe wa kituo chetu cha Wawi, Pemba, aliyoyasema mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili waliokitembelea kikundi cha akina mama. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema, jiko likiwa linawaka pembeni yake.)

 

Waheshimiwa Mapadre, Masista, ndugu wajumbe wa kamati, wageni wetu, na akina mama majirani zetu ambao ndio wenye jiko hili: karibuni Wawi. Nimepewa nusu saa. Supu yenyewe haichukui hata dakika ishirini na tano, kwa hiyo nitasema huku napika, nanyi mtanisamehe nikikatiza neno ili niangalie sufuria.

Waliopita karibu na kiwanda cha makonyo huenda bado wana harufu ya karafuu puani. Mmetukuta kipupwe, baridi ya asubuhi bado ipo, na karafuu nazo zinawaita watu mashambani. Mama hapa anatoka alfajiri kuchuma, umande unamlowesha, anarudi mchana amechoka na watoto wanamngoja. Hapo ndipo chakula cha haraka kinapotakiwa, na hapo ndipo tambi zilipoingia.

Tambi si kitu kigeni kwetu. Pwani nzima tunazijua, hasa mwezi wa Ramadhani, zikikaangwa na kutiwa sukari, tui na hiliki. Kilicho kipya ni kuzitia kwenye supu ya chumvi pamoja na mboga. Wazee wengine walicheka walipoiona mara ya kwanza. Bi mkubwa mmoja aliuliza kama sukari imekwisha dukani.

Sasa nianze. Sufuria ya watu sita. Mafuta vijiko viwili vya chakula, kitunguu maji kimoja kikubwa, thomu punje nne zilizopondwa, na kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba. Vikilainika natia manjano ya unga, kijiko kimoja cha chai, na pilipili manga iliyotwangwa, robo ya kijiko. Angalieni: manjano nayatia kwenye mafuta, siyatii kwenye maji. Rangi ile na kile kinachosifiwa ndani yake haviyeyuki vizuri katika maji, vinataka mafuta. Pilipili manga nayo husaidia mwili kukipokea. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini walikaanga bizari kwanza. Moto uwe mdogo, nusu dakika tu, maana manjano yakiungua ni machungu na sufuria nzima imeharibika.

Tungule mbili sasa, zipondeke. Kisha karoti mbili na kipande cha boga, vyote vikatwe vidogo ili visituchelewesha. Maji vikombe vinane. Nafunika.

Wakati tunangoja kuchemka, ndugu wajumbe, nitawaeleza jambo ambalo halimo katika taarifa yetu ya robo mwaka.

Tulipoanza mafunzo haya nilikuwa na bidii sana. Nilitaka akina mama waipende supu, na mimi, kama mwuzaji wa sokoni, niliisifu kupita kiasi. Nilisema manjano ni dawa. Nilisema yanaondoa kifua, yanatoa homa, yanasafisha damu. Haya maneno yote mnayajua, yanasemwa kila mahali. Akina mama wakaandika wale wanaoandika, wengine wakashika kichwani.

Baada ya wiki chache mama mmoja wa kikundi alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekohoa. Siku ya kwanza akampikia supu. Siku ya pili akampikia tena, akaongeza manjano. Siku ya tatu nilipita nyumbani kwake kwa shughuli nyingine kabisa, nikamkuta mtoto amelala mapajani, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nikahesabu pumzi kwa saa yangu: zaidi ya sitini kwa dakika. Nikamwambia, mama, huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, si wewe uliyesema manjano yanaondoa kifua?"

Hakusema kwa kunilaumu. Aliuliza kweli.

Tulipata gari. Mtoto alikuwa na homa ya mapafu; alipewa hewa ya oksijeni na dawa, na siku ya sita alirudi nyumbani. Yuko hai, na mama yake yuko hapa leo, ameniruhusu nieleze bila kumtaja. Lakini kama nisingekuwa na shughuli ile nyingine, sijui ningesimama mbele yenu nikisema nini.

Tangu siku ile kila somo la supu linaanza na kuhesabu pumzi. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi hamsini au zaidi kwa dakika. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, arobaini au zaidi: peleka kituo cha afya. Mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kunyonya au kunywa, usihesabu tena, nenda. Supu atakunywa akirudi.

Inachemka. Natia mkono mmoja wa kunde zilizochemshwa jana. Mwenye yai atalivunja na kulikoroga humu. Mwenye dagaa atatia dagaa waliooshwa vizuri. Tambi peke yake ni wanga, na mtoto hajengwi kwa wanga tu.

Kuna jambo jingine lililotokea kisiwani humu ambalo kila anayetuletea msaada wa lishe inampasa alijue. Hapa Wawi pana maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Kati ya mwaka 2002 na 2003 ulifanyika Pemba utafiti mkubwa wa watoto wadogo, maelfu kwa maelfu, wengine wakipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Watu wote walitegemea vitawasaidia, kwa sababu upungufu wa damu ulikuwa mwingi. Badala yake, waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Sehemu ile ya utafiti ikasimamishwa Agosti 2003. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi sana hapa. Baadaye ilipungua mno.

Msinielewe vibaya. Katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Ila kumpa kila mtoto kitu kimoja bila kumpima, kwa nia njema, kulileta madhara. Na utafiti ule ulikuwa wa watu makini waliohesabu, wakaona, wakasimama. Mimi na manjano yangu sikuwa nahesabu chochote.

Ndiyo maana mama akiniambia mtoto wake ni mweupe machoni na anachoka, siku hizi simwambii aongeze mchicha tu. Namwambia akapimwe damu na aulizie dawa ya minyoo, kwa sababu safura hunywa damu ya mtoto kuliko tunavyoweza kuirudisha kwa bakuli.

Sasa tambi. Robo kilo, zivunjwe fupi, ndani. Hizi nyembamba ni dakika tatu au nne. Mchicha unaingia pamoja nazo, fungu moja, umeoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu. Akina mama wa hapa hutia pia majani ya mlonge wakiyapata. Mboga za majani zikipikwa mno zinakuwa kama nyasi za jana, hazina ladha wala faida.

Wakati zinaiva, nizungumzie ile barua. Wajumbe wa kamati moja, kwa upendo, wametuandikia kwamba wangependa kutununulia makatoni ya tambi za pakiti, zile zenye kifuko cha viungo ndani, ili kila mama agawiwe kipupwe chote. Nawashukuru kutoka moyoni. Naomba tusifanye hivyo.

Sababu ya kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na kifuko kile kimoja kinaweza kubeba sehemu kubwa ya hizo. Mtoto hahitaji hata kiasi hicho. Ya pili, nyingi ya tambi zile zimekaangwa kiwandani tayari. Zinashibisha, lakini mboga haimo.

Ya tatu labda haikuwajia wenzetu walioandika. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Tulipogawa pakiti chache mwaka uliopita, mzee mmoja aliuliza ile ladha ya kuku imetoka kwa kuku aliyechinjwa vipi. Hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu. Akairudisha pakiti kwa adabu kubwa, akatuachia na ndizi juu yake. Niliona aibu. Tambi za kawaida za dukani, mboga za bustani na viungo vya kinu chetu havimwachi mtu na swali kama lile.

Na manjano tunayo. Yanaota hapa vizuri, chini ya migomba na minazi. Unapanda mvua za masika zikianza, na baada ya miezi minane au tisa majani yakikauka unachimba. Unachemsha, unakata vipande, unaanika juani mpaka vivunjike kwa mlio, unatwanga na kuchekecha. Kilo tano za mabichi hutoa karibu kilo moja kavu, kwa hiyo kazi ipo, na mikono inabaki ya njano wiki nzima. Bado nasema twange mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti walithibitisha kwamba Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakiyapaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Serikali yao ikawabana, wakaelimisha watu, na kufikia mwaka 2021 uchafu ule ulikuwa umetoweka katika sampuli za sokoni. Sisemi unga wa duka letu una kitu. Nasema wa kinu chako umeuona tangu udongoni.

Naepua. Chumvi inaingia sasa, mwisho, na iwe yenye madini joto. Ikichemka muda mrefu madini yale hupungua. Sisi Pemba tunavuna chumvi baharini wenyewe, nzuri na nyeupe, lakini kama haikutiwa madini hayo haikingi rovu. Kisha kikombe kimoja cha tui zito na ndimu moja. Tui likichemshwa kwa nguvu hukatika, kwa hiyo moto umekwisha toka. Ndimu nayo husaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika mchicha na kunde.

Kwa watoto wadogo: aliye chini ya miezi sita hapewi supu wala maji, ni maziwa ya mama tu. Aliyezidi hapo, mtolee vitu vya chini, tambi, kunde na boga, uviponde viwe vizito kama uji. Msimjaze mchuzi. Tumbo lake ni dogo, likijaa maji ya njano atalala ameshiba bila kula.

Ombi letu basi kwa kamati. Fungu lile la makatoni liwekwe katika vitu vitatu. Kwanza mbegu za mboga na manjano ya kupandia kwa kaya zote za kikundi. Pili saa ndogo zenye mshale wa sekunde, moja kwa kila viongozi wetu kumi, kwa ajili ya kuhesabu pumzi. Wengi hawana, na simu zao haziko na chaji kila wakati. Tatu, fedha kidogo ya nauli ya dharura, ikae kwa mweka hazina wa kikundi, iandikwe daftarini, ili mama asingoje baba arudi baharini ndipo mtoto apelekwe hospitali. Hesabu yake ameibeba katibu, mtaiona. Ikizidi fungu la makatoni, punguzeni mbegu. Saa na nauli msiziguse.

Na katika taarifa ya robo hii, pale palipoandikwa kwamba supu yetu ni "tiba", naomba pafutwe paandikwe "chakula". Niliandika mimi.

Mabakuli yako meza ile ya mwisho. Watoto waanze, kisha wageni. Mwenye shati jeupe akae mbali kidogo na sufuria, maana manjano yakishika nguo ni jua tu litakaloyatoa, na leo kuna mawingu.