Maziwa ya Mtoto si Nyara



Barabara ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, hupita Magara kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Huku yaja malori, kule zatia nanga mashua. Tuseme usiku mmoja mzigo wa magendo umekamatwa, na ndani yake mna makopo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Vifuniko havijaguswa. Askari mwenye mtoto nyumbani ajiuliza: kopo moja lina ubaya gani?

Ubaya upo, nao hauonekani kwa macho. Maziwa ya unga, hata yakitengenezwa kwa uangalifu, huweza kubeba bakteria kama salmonela na kronobakta. Vijidudu hivi hudumu miezi mingi katika unga mkavu bila kuubadili rangi wala harufu. Unga ukikorogwa kwa maji ya vuguvugu na kuachwa, huzaana upesi. Mtoto mchanga, hasa njiti, huweza kupatwa na homa ya uti wa mgongo, na hata kufa.

Mwaka 2017, nchini Ufaransa, watoto zaidi ya 30 waliugua kwa maziwa ya kiwanda cha Lactalis cha Craon. Kufikia Januari 2018 makopo zaidi ya milioni 12 yalikuwa yakirudishwa kutoka nchi 83. Kiwanda hicho kilikwisha kuhusika na ugonjwa kama huo mwaka 2005, na wataalamu wa Taasisi ya Pasteur walithibitisha kwamba kijidudu kilikuwa kilekile.

Tuzingatie jambo moja. Makopo yale yalirudishwa kwa sababu yalikuwa na namba na hati, ilijulikana yalikouzwa. Kopo la magendo halina njia hiyo. Amri ya kulirudisha ikitolewa, haitafika mlangoni pa askari aliyelichukua. Kwa hiyo mzigo uliokamatwa uandikwe wote na kukabidhiwa wenye mamlaka. Haugawanywi, wala hauuzwi sokoni.

Na hata kopo la halali lahitaji ulinzi nyumbani. Uchunguzi uliofanywa Rumonge mwaka 1992 ulionyesha kwamba kunywa maji ya ziwa kulihusiana na kuugua kipindupindu. Maji ya maziwa ya mtoto yachemshwe, na unga utiwe kabla hayajapita dakika 30, yakiwa bado na joto lisilopungua digrii 70, kwani ndilo liuwalo vijidudu. Kisha yapoozwe upesi, mtoto anyweshwe, na yaliyobaki baada ya saa mbili yamwagwe. Lakini kwa miezi 6 ya kwanza, ikiwezekana, hakuna kilicho bora kuliko maziwa ya mama peke yake.

Ndugu askari, ulinzi wa nchi huanzia kwa aliye mdogo kuliko wote. Kopo uliachalo kizuizini leo huenda likawa ndilo uhai wa mwanao.