Mvumo wa Hezi 100: Tatizo la Ardhi katika Amplifaya za Bodi ya Kutengeneza Nyumbani

Mada kwa semina ya wakufunzi wa elektroniki

1. Utangulizi

Waandaaji wa semina waliagiza mada juu ya utengenezaji wa amplifaya ya sauti kwa bodi ya nyumbani, hatua kwa hatua. Hatua hizo karibu kila mkufunzi aliyemo ukumbini anazijua, hivyo zitapitiwa mbio mbio. Nafasi kubwa imeachiwa tatizo moja ambalo mtoa mada amehangaika nalo kwa miaka, na ambalo kila muhula hurudi kwenye meza za karakana likiwa lile lile.

2. Maana na hatua

Amplifaya ya nguvu hupokea ishara ndogo kutoka kwenye simu au redio na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Madaraja ya A, B na AB hayahitaji kufafanuliwa tena hapa. Mfano utakaotumika ni TDA2030, chipu ya miguu mitano inayotoa wati 14 hivi kwenye spika ya ohm 4 ikilishwa volti 14 chanya na 14 hasi. Fundi wa Kariakoo anaijua, na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi pia.

Bodi ni ile ya shaba upande mmoja. Mchoro huchapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, tona ikahamishiwa kwenye shaba kwa pasi ya moto, kisha feriki kloraidi ikala shaba isiyofunikwa. Tona hufutwa kwa asetoni, mashimo yakatobolewa, vipuri vikalehemiwa. Basi.

3. Mvumo

Amplifaya imewashwa na muziki unalia vizuri. Muziki ukikoma, spika inavuma. Fundi analaumu kapasita: anatoa za maikrofaradi 4,700 na kuweka za 10,000. Mvumo haupungui, pengine unazidi. Lawama inahamia kwenye chipu, kwamba ni feki. Inabadilishwa, kisha inabadilishwa tena, na mwanafunzi anayetazama anajifunza kwamba ufundi ni kubahatisha.

Hesabu yenyewe haichukui hata nusu ukurasa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo dayodi nne hujaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Hazijazi mfululizo, hujaza kwa mapigo mafupi volteji inapofika kileleni, na pigo moja laweza kufika ampea 5 hata kwenye amplifaya ndogo. Kapasita ikiwa kubwa zaidi, pigo huwa fupi zaidi na kilele chake hupanda. Ndiyo maana kuongeza kapasita hakuponyi.

Shaba ya bodi ya kawaida ina unene wa maikromita 35. Kipande chake chochote cha mraba, kikubwa au kidogo, kina ukinzani wa karibu nusu ya miliohm. Njia ya ardhi yenye upana wa milimita 2 na urefu wa sentimita 5 ni miraba 25, yaani miliohm 12.5. Ampea 5 zikipita humo, huacha milivolti 62 hivi kati ya mwanzo na mwisho wa njia. Ardhi ya ingizo ikichangia njia hiyo, chipu haina namna ya kujua kwamba milivolti hizo si muziki. Kwa rezista za kilo-ohm 22 na ohm 680, inazikuza mara 33. Spika inapata karibu volti 2 za mvumo.

Bodi ya nyumbani huumia zaidi kwa sababu ina upande mmoja tu. Mchoraji hupanga kwanza njia za ishara zisikutane, na ardhi ikapitishwa penye nafasi iliyobaki: nyembamba, ndefu, yenye kona. Tona ikiachia vitobo, feriki kloraidi huila zaidi. Wengi hudhani kuipaka lehemu kunatosha, ilhali ukinzani wa lehemu ni zaidi ya mara nane ya ule wa shaba.

Kuna dawa moja ya mitaani ambayo haina budi kutajwa: kukata waya wa ardhi ndani ya plagi ya pini tatu. Pale mvumo unapotokana na vifaa viwili vilivyoungwa ardhi na pia vikaunganishwa kwa kebo ya sauti, kweli hunyamaza. Lakini kasha la chuma linabaki bila kinga, na ndani yake mna volti 230. Mtoa mada anaheshimu mamlaka ya kila chuo kupanga masomo yake ya vitendo, ila katika hili hakuna nafasi ya majadiliano.

4. Mapendekezo

(i) Ardhi ichorwe kabla ya njia nyingine yoyote.

(ii) Kapasita mbili kubwa zikutane kwanza. Kutoka hapo itoke njia moja hadi nukta kuu, ambako ardhi ya spika na ya ingizo zitafika kila moja kwa waya wake.

(iii) Juu ya njia ya ardhi ulehemiwe waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani. Sentimita 5 zake zina miliohm 0.6 tu.

(iv) Kabla ya kubadilisha kipuri, ncha za ingizo ziunganishwe kwa kipande cha waya. Mvumo ukibaki, kosa limo ndani. Ukikoma, litafutwe kwenye kebo au chanzo cha muziki.

(v) Wanafunzi wazoeshwe kutambua hezi 50, ambayo mara nyingi hutoka kwenye sumaku ya transfoma au kebo isiyokingwa, na hezi 100 ya mapigo ya kapasita.

(vi) Kapasita zisiongezwe kabla ya ardhi kukaguliwa.

(vii) Mgongo wa TDA2030 umeungwa na volti hasi. Utenganishwe na kasha kwa mika.

(viii) Uwashaji wa kwanza upitie balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyoungwa mfululizo.

(ix) Waya wa ardhi wa plagi usikatwe kwa sababu yoyote.

(x) Feriki kloraidi iliyotumika ina shaba inayodhuru samaki, nayo hutafuna sinki la chuma. Ihifadhiwe kwenye chombo cha plastiki, isimwagwe mferejini.

(xi) Mtihani wa vitendo upime mvumo kwa multimita kwenye spika, ingizo likiwa limefungwa, na alama zitolewe kwa kipimo hicho.

(xii) Kwa kuwa pendekezo la kwanza ndilo husahaulika mapema, linarudiwa: ardhi ichorwe kwanza, na mkufunzi asisaini mchoro wowote kabla ya kuifuata ardhi kwa kidole kutoka kapasita hadi ingizo.