Mtoto Ana Jina Kabla Hujamfikia

Hotuba ya mgeni rasmi katika mahafali ya wahitimu wa ustawi wa jamii, uuguzi na malezi ya watoto





Wahitimu, kabla sijaanza, naomba msimame mgeuke nyuma, muwapigie makofi wazazi na walezi wenu. Wapo waliouza mbuzi, wapo waliokopa kwenye vikoba, wapo waliofunga na kuomba kila mlipokaribia mitihani. Asanteni. Kaeni.

Mkuu wa Chuo amenieleza kwamba baadhi yenu mnakwenda kwenye halmashauri, wengine kwenye hospitali za misheni, wengine kwenye makao ya watoto, na wapo watakaovuka mpaka kwenda Kongo na Msumbiji wakitumwa na makanisa yao. Popote mwendako, kazi ni ileile: mtoto aliyekosa wa kumshika mkono. Kwa hiyo nimechagua kuwasimulia habari za familia moja ya Kikristo iliyovuka bahari kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Nitawasimulia kwa ukamilifu, mazuri yake na yaliyouma, kwa sababu mnastahili kuusikia ukweli wote kabla hamjaingia kazini.

Harry Holt na mkewe Bertha walikuwa wakulima katika mji mdogo wa Creswell, jimbo la Oregon, Marekani. Bertha alisomea uuguzi. Walikuwa na watoto sita wa kuwazaa. Mwaka 1950 Harry alipata mshtuko mkubwa wa moyo, akanusurika. Mwishoni mwa 1954 walikwenda kutazama filamu iliyoonyeshwa na shirika la World Vision kuhusu watoto wa Korea. Vita vya Korea vilikuwa vimesimama mwaka mmoja nyuma, 1953, na nyuma yake viliacha watoto wengi waliopoteza wazazi. Miongoni mwao walikuwamo watoto ambao baba zao walikuwa askari wa kigeni na mama zao Wakorea. Hao walikuwa na taabu ya pekee. Katika Korea ya wakati ule mtoto aliandikwa katika daftari la ukoo kupitia baba yake. Asiye na baba wa kumtambua alipata shida kuandikwa, na sura yake ilimtangaza popote alipopita.

Wengi waliiona filamu ile, wakalia, wakatoa sadaka, wakarudi nyumbani. Akina Holt walianza kwa kutuma fedha za matunzo. Baadaye waliamua kuwachukua watoto wanane wawe wana wao. Sheria ya Marekani ya wakati huo iliruhusu familia moja kuingiza yatima wawili tu kutoka nje. Wakapeleka ombi lao, na mwaka 1955 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya familia hiyo moja. Harry, pamoja na ule moyo wake mgonjwa, alikuwa amekwisha kusafiri. Inasimuliwa kwamba akiwa njiani, huko Tokyo, aliomba, akafungua Biblia, akaangukia Isaya 43, na akaondoka akiamini ametumwa. Oktoba 1955 alitua Oregon na watoto kumi na wawili: wanane wa kwake, wengine wa familia nyingine.

Magazeti yaliandika, na barua zikamiminika kutoka kwa watu waliotaka kufanya kama wao. Mwaka 1956 familia ikaanzisha shirika la kuasili watoto. Baadaye wakajenga makao huko Ilsan, kaskazini-magharibi ya Seoul, kwa ajili ya watoto ambao hakuna aliyejitokeza kuwachukua, hasa wenye ulemavu. Aprili 1964 moyo wa Harry ulisimama akiwa kazini Korea, na akazikwa Ilsan. Bertha aliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 96, naye akalazwa palepale Ilsan.

Lakini ndugu zangu, mtu ninayetaka mumtazame kwa makini zaidi ni binti yao, Molly. Alikuwa muuguzi. Alifika Korea mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, na ukiondoa vipindi vya masomo, huko ndiko alikoishi mpaka alipofariki mwaka 2019 akiwa na miaka 83. Alijifunza Kikorea, akavaa mavazi ya Kikorea, hakuolewa, na akaishi ndani ya makao ya Ilsan pamoja na watu wenye ulemavu aliowahudumia.

Fikirini maana ya jambo hilo kwa mtu aliyesomea kazi kama yenu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hali haraka. Unamkalisha vizuri, unashika kidevu, unaweka kijiko kidogo cha uji mdomoni, unangoja ameze, ndipo unaweka kingine. Ukiharakisha, uji unaingia kwenye mapafu. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima, na baada ya saa chache mlo mwingine umefika. Kazi hiyo haipigwi picha. Wageni wakija na zawadi, wakiimba na kuondoka, kijiko kinabaki palepale, na anayebaki nacho ndiye mtumishi. Molly alibaki zaidi ya nusu karne, na aliwajua wakazi wa Ilsan kwa majina yao, tangu utoto wao mpaka nywele zao zilipoota mvi.

Sasa naomba mnisikilize kwa sehemu ngumu.

Kazi iliyoanza kwa watoto kumi na wawili ilipanuka, mashirika mengine yakaingia, na serikali ya Korea ikaona ni njia rahisi ya kupunguza mzigo wa kuwatunza watoto maskini. Kwa miongo kadhaa watoto wapatao 200,000 walipelekwa nje, wengi wakienda Marekani na Ulaya. Mwaka 1985 peke yake waliondoka zaidi ya 8,800. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kwa miaka thelathini na zaidi, na Korea ilikuwa inajenga viwanda na kujiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya 1988. Wengi wa watoto wale hawakuwa yatima. Walikuwa na mama aliye hai: msichana aliyezaa bila ndoa, mfanyakazi wa kiwandani, mke aliyeachwa. Umaskini na aibu ndivyo vilivyomnyang'anya mtoto wake.

Mtoto mwenye mama aliwezaje kusafiri kama yatima? Kwa kalamu. Alifunguliwa daftari jipya la usajili linalosema hana wazazi, na karatasi hiyo ikarahisisha viza, ikafupisha safari. Wapo waliopewa jina na tarehe ya mtoto mwingine. Watu hao sasa ni wazima, wengine wana wajukuu. Wamerudi Seoul wakimtafuta mama, wakafunguliwa faili, wakakuta ndani yake maisha ya mtu mwingine. Machi 2025, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini, iliyokuwa imepokea malalamiko ya watu 367 walioasiliwa nje, ilitangaza kwamba katika mashauri iliyokwisha kuyapitia haki za watu 56 zilivunjwa, na kwamba serikali ilishindwa wajibu wake huku kumbukumbu zikighushiwa. Oktoba mwaka huohuo Rais Lee Jae-myung aliomba radhi kwa niaba ya taifa.

Siyasemi haya kuifuta sadaka ya familia ile. Watoto wengi walipata wazazi waliowapenda kwa dhati, na mpaka leo wanamshukuru Mungu kwa nyumba walizokulia. Wenye ulemavu wa Ilsan walipata makao wakati ambapo hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Nayasema kwa sababu habari hii ina fundisho ambalo hakuna mtihani mliofanya hapa ungeweza kulipima: moyo safi wa aliyeanza hautoshi kumlinda mtoto. Harry Holt alikwenda kwa imani. Hata hivyo, tangu miaka ile ya mwanzo wataalamu wa ustawi wa jamii walionya kwamba familia zinapokea watoto bila kuchunguzwa vya kutosha, na kwamba haraka itazaa makosa. Onyo hilo halikusikilizwa inavyostahili, na waliolipa gharama yake ni watoto. Andiko ulilosoma kwa machozi usiku linakutuma kwenda. Halikuondolei wajibu wa kuuliza, kuhakiki na kusubiri mahakama iseme.

Mtoto ana jina kabla hujamfikia. Ana mama, ana lugha aliyobembelezewa, ana ukoo na kijiji. Utume wako ni kumkuta na kumhudumia bila kumpokonya hata kimoja kati ya hivyo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina, haki ya uraia na haki ya kuwajua wazazi wake wa damu na ukoo wake. Mmeisoma darasani. Kuanzia Jumatatu mtaishika mikononi.

Ninyi wa ustawi wa jamii, kwenu nina neno kuhusu faili. Atakuja polisi wa dawati la jinsia na watoto, ameshika mkono wa binti wa miaka minne aliyeokotwa stendi. Itakuwa jioni na utakuwa umechoka. Kishawishi kitakuwa kuandika "yatima, hajulikani alikotoka" na kufunga daftari. Usifanye hivyo. Andika saa na mahali alipoonekana. Andika gauni la kijani lenye kifungo kimoja kilichotoka, kovu juu ya nyusi ya kushoto, lafudhi yake, na kwamba anasema mama anauza mihogo karibu na reli. Andika jina analojiita hata kama analitamka nusu. Kisha kesho yake nenda kwenye reli ukamuulizie muuza mihogo. Mistari hiyo sita ndiyo itakayomrudisha kwake, wiki hii au baada ya miaka thelathini.

Ninyi wauguzi na walezi, kwenu nina neno kuhusu mama. Mtakutana na watoto waliopelekwa makao kwa sababu mama alikosa kodi ya chumba au maziwa ya pacha wa pili. Kabla hamjauliza nani atamchukua mtoto huyu, ulizeni mama huyu anahitaji nini ili abaki naye. Mara nyingi atahitaji mtaji mdogo wa genge, dawa za kila mwezi, au mtu wa kwenda kuzungumza na bibi mzaa baba. Kama njia zote zimefungwa kweli, basi tafuteni ndugu, kisha familia ya malezi karibu na nyumbani, na kuasili kufuate mkondo wa sheria bila kuruka hatua hata moja.

Nanyi mnaovuka mpaka, fanyeni kama Molly. Jifunzeni lugha ya mahali kabla hamjafungua mradi. Kaeni muda wa kutosha mpaka watoto wakome kuwaita wageni. Wafundisheni kazi vijana wa palepale ili siku mkiondoka kijiko kisianguke. Msiwapige watoto picha za kuombea fedha ambazo hamngekubali wanenu wapigwe. Na makanisa mnaowatuma vijana hawa, msiwatume kwa maombi peke yake. Watumieni posho kwa wakati, na muwaulize kila mwaka: watoto wangapi wamerudi kwa mama zao? Swali hilo litaulinda utume wenu kuliko hesabu ya vitanda vilivyojaa.

Wahitimu, cheti mnachokipokea leo kinawapa mamlaka juu ya watu wasioweza kujitetea. Mtoto wa miaka minne hatasoma ulichoandika juu yake, wala hatakata rufaa. Kwa hiyo kuweni wakweli mahali ambapo hakuna anayekagua. Muwe wavumilivu mnapofanya yale ambayo hakuna anayeyaona. Kataeni bahasha ya anayetaka karatasi ziende haraka, hata akija na Biblia mkononi. Mkifika kwenye vituo vyenu, ombeni mafaili ya watoto waliopo, myasome moja moja, na kila mtakapokuta neno "hajulikani," anzeni kutafuta.

Hongereni sana. Nendeni mkatumike, na Mungu awabariki.