Ng'oa Msumari: Upapi, Mpindo na Kompyuta



Nilitakiwa nizungumzie uchoraji wa vyombo kwa kompyuta, mada pana kama bahari. Sitaizungumzia yote. Vitabu vya kuanzia vipo, na vijana waliokaa nyuma kule wanaijua AutoCAD kunishinda. Nimekuja Chake Chake na ugomvi mmoja tu.

Katika warsha moja mwenzangu, mhandisi ninayemheshimu, alisimama akasema kwamba mafundi wetu wa mashua na majahazi wanakisia. Dawa yake ni hii: chombo kipimwe kila sentimita 10 kutoka tezi hadi omo, nukta zote ziingizwe kwenye programu, na mstari ulazimishwe kupita katika kila nukta. Nukta zikizidi, alisema, na ukweli unazidi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Misingi nitaipita mbio. Programu za uchoraji hukupa njia mbili za kuchora splaini, yaani mstari laini unaopindika. Kwa njia ya kwanza unaweka nukta za kupitia, na mstari unazigusa zote. Kwa ya pili unaweka nukta za kuvuta, ambazo kwa kawaida hukaa nje ya mstari, isipokuwa za ncha mbili, na kuuvuta kutoka kando. Kuhusu chimbuko la mistari hiyo, habari za Bézier na magari ya Renault, za de Casteljau aliyetangulia pale Citroën mwaka 1959 huku kampuni ikiificha kazi yake, na za Versprille na tasnifu yake ya 1975, mnazijua au mtazisoma.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwenzangu hakuifanya. Chukua mstari wa ubavu wa mashua, mahali ambapo mpindo wake ni sawa na kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 10. Pima kila sentimita 10, na tuseme nukta moja imekosewa kwa milimita 2. Nani kati yetu, akipima chombo kilichoegemezwa mchangani huku upepo unavuma, atakosea chini ya hapo? Kosa hilo peke yake, kati ya nukta hiyo na jirani zake wawili, linatengeneza tao la nusu kipenyo cha mita 2 na nusu. Yaani kosa lenyewe limepinda mara 4 kuliko chombo. Ubavu uliokuwa laini umepata kinundu, na kompyuta imekichora kwa utiifu mkubwa. Kosa lile lile la milimita 2, ukipima kila mita 1, linazaa tao la nusu kipenyo cha mita 250, na jicho haliwezi kuliona. Umezisogeza nukta karibu mara 10, na madhara ya kosa yameongezeka mara 100. Huo ndio ukweli uliozidi.

Atajibu, na najua atajibu kwa sababu ni msomi, kwamba mwanahisabati Runge alishaonyesha mwaka 1901 hatari ya mstari kupiga mawimbi makubwa ukipitisha polinomia moja ndefu katika nukta nyingi, na kwamba splaini ilikuja kutuponya na maradhi hayo. Kweli. Splaini ya daraja la 3 haipigi mawimbi yale makubwa ya Runge. Lakini inabeba mawimbi ya mpimaji mwenyewe. Tena, ukijaribu kurekebisha nukta moja ya kupitia, mtikisiko unasafiri mstari mzima. Nukta zikiwa na nafasi sawa, kila inapovukwa moja mtikisiko hushuka hadi karibu asilimia 27 na kugeuka upande: hapa panabonyea, pale panavimba. Mwanafunzi anavuta nukta ya pili kuiponya ya kwanza, ya tatu kuiponya ya pili, na jua linazama. Nukta za kuvuta hazina tabia hiyo. Katika splaini ya daraja la 3 ukisogeza moja, vipande visivyozidi 4 ndivyo vinavyobadilika, na vyengine vinabaki kama vilivyo.

Hapa naomba ruhusa nimsifu mtu. Isaac Schoenberg, mzaliwa wa Galați huko Romania, wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani pale Aberdeen, Maryland. Shughuli yake ilikuwa majedwali ya mizinga. Takwimu za upinzani wa hewa zilikuwa na makosa madogo madogo, na kila hesabu iliyojengwa juu yake iliyakuza. Mwaka 1946 akachapisha makala ya sehemu mbili katika jarida la Quarterly of Applied Mathematics. Ndiyo makala ninayoipenda kuliko zote katika fani hii, na wanafunzi wangu wamechoka kuisikia. Mle ndani mwanahisabati wa hali ya juu anashughulika na kijiti cha wachoraji: upapi mwembamba unaopindika, unaoshikwa mahali pake, kisha unaachiwa utulie wenyewe. Kutoka kwenye upapi huo akatoa splaini za hisabati na jina lake. Tazameni na mpango wa makala. Sehemu ya kwanza inahusu kulainisha takwimu zenye makosa. Suala la mstari kupita katika nukta zenyewe limewekwa sehemu ya pili. Mpango huo mwenzangu ameupindua juu chini.

Naye mwanahisabati Holladay, mwaka 1957, akathibitisha kwamba katika mistari laini yote inayopita kwenye nukta fulani, splaini ya daraja la 3 iliyoachiwa huru kwenye ncha ndiyo yenye jumla ndogo kabisa ya kupinda. Ndivyo unavyofanya upapi ulioshikwa kwa misumari michache.

Na upapi nimeujua kabla ya kuijua skuli. Mjomba wangu alikuwa akiunda mashua Wesha. Akishasimamisha mataruma, alikuwa akigongomea upapi juu yake ili apate mstari wa ubao unaofuata, kisha anakwenda kusimama omo, anafumba jicho moja. Akiona kinundu, hakuongeza msumari. Aling'oa uliopo. Upapi ukiruka, taruma lile ndilo lenye kosa, na tezo inafanya kazi yake. Usiporuka, msumari haukuwa na kazi. Sijaona kanuni bora ya kurekebisha splaini katika mwongozo wa programu yoyote.

Niwe mwadilifu. Zipo nukta ambazo mstari lazima uzipitie: unapokutana na hanamu, unapokutana na fashini. Hapo mwenzangu hana kosa. Ana haki pia anaposema kwamba jicho la fundi huzikwa naye. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, umetoweka pwani yetu, na tumebaki na sanamu ndogo, picha na maelezo ya waliouona. Laiti mtu angepima kila sentimita 10! Vipimo vingi ni kumbukumbu njema. Vihifadhiwe vyote, na makosa yake. Ila kumbukumbu isigeuzwe kuwa mstari wa kukatia mbao, kwa sababu ubao wa mvule hautakubali kupinda kila sentimita 10 kwa amri ya faili.

Kwa mashua ya kawaida nasema nukta 5 au 6 za kuvuta zinatosha kuanzia. Washa chanuo la mpindo, lile linaloonyesha kwa meno marefu na mafupi wapi mstari umepinda zaidi. Meno yakipanda na kushuka ovyo, futa nukta. Ongeza moja pale tu mstari unapokataa kabisa kukifuata chombo. Wako watakaosema nimekaza mno. Nakaza.

Kwa idara zinazofundisha uchoraji wa kompyuta, Pemba na Unguja, nina ombi. Mtihani wa mwisho wa somo hili ufanyike mbele ya fundi wa vyombo. Mchoro uchapishwe kwa ukubwa wake kamili, ubandikwe ukutani, fundi apewe kalamu nyekundu, na alipwe posho ile ile anayolipwa msahihishaji kutoka chuo kikuu.