Upotevu wa Nishati katika Utando wa Tantala: Mada juu ya Asili Yake katika Atomu



Yabisi isiyo na mpangilio hamna haja ya kuelezwa nami: ni kama kioo, ambamo atomu zimeshikana imara ilhali safu zake hazirudii umbo moja kama katika fuwele. Mwajua pia kwamba Callen na Welton, mwaka 1951, walithibitisha kuwa kitu kipotezacho nishati kinapotikiswa hakina budi kutikisika chenyewe kwa joto lake. Nayapita hayo.

Linalonikesha ni utando. Vioo vikuu vya LIGO, chombo kisikilizacho mawimbi ya mvutano kule Hanford na Livingston nchini Marekani, ni vya silika, kila kimoja kilo 40, na kipimo cha upotevu wa silika hiyo ni kama sehemu moja katika milioni mia. Bali juu yake umepakwa utando wa silika na tantala yenye titania, tabaka juu ya tabaka, unene wake wote mikromita chache, na upotevu wa tantala hiyo ni sehemu kadhaa katika elfu kumi. Ngozi hiyo nyembamba, kwa kutikisika kwake kwa joto, ndiyo ifichayo mawimbi hayo penye mitikisiko ipatayo 100 kwa sekunde, mahali ambapo chombo kilistahiki kusikia vizuri kuliko kote.

Sababu ya upotevu huo ni hii: vikundi vya atomu vina mabonde mawili ya kutulia, na kilima baina yake. Mwaka 1972 Anderson, Halperin na Varma, na Phillips peke yake, walieleza kwa njia hiyo tabia ya vioo penye baridi kali, ambapo atomu hupenya kilima. Katika joto la chumba hukiruka, na kila mruko uchelewao nyuma ya mtikisiko huiba nishati. Swali ni vikundi gani hasa. Vipimo vya miale vya mwaka 2019, juu ya tantala yenye zirkonia, vilionyesha kwamba kuchoma tanurini hupunguza vikundi vishikanavyo kwa ukingo na kuzidisha vile vishikanavyo kwa ncha, na upotevu ukashuka pamoja na vile vya ukingo. Laiti tungeweza kuzidisha moto! Lakini tantala safi ikipita nyuzi 650 hivi hugeuka fuwele, na nuru hutawanyika.

Moto una uzito huo wote, lakini miaka mingi nimepokea sampuli zisizo na habari ya moto ziliopitia: nyuzi ngapi, saa ngapi, zilipozwaje. Nimeandika barua, nikajibiwa kwa adabu, na sampuli iliyofuata ikaja kimya vilevile. Kipimo kisichojua tanuri lake hakilinganishwi na kingine, na kazi ya mwaka mzima huenda bure.

Kwa hiyo, kwa idhini ya Mwenyekiti, napendekeza kila sampuli ifuatane na daftari la moto wake. Kwamba upotevu na umbo la atomu vipimwe katika kipande kilekile, wala si vipande ndugu. Kwamba jermania yenye titania ijaribiwe sambamba na tantala, bila kuiacha tantala kwa haraka. Kwamba upakaji juu ya kioo kilichopashwa moto, uliofaulu kwa silikoni, uchunguzwe pia kwa oksidi. Na, narudia, kwamba sampuli isiyo na daftari la moto irudishwe ilikotoka kabla haijafunguliwa.