Swali Lisiloulizwa Hulipwa na Kikundi Kizima

Mazungumzo kwa wawezeshaji na viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana, wakulima na watu wenye ulemavu



Kila wiki vikundi hukutana katika wadi za kaunti hii, vingine chini ya mti, vingine ukumbini au katika uwanja wa ofisi ya chifu. Afisa hufika na kufunza kuhusu ufugaji, uwekaji wa hesabu au mikopo. Mwishoni huuliza, "Kuna swali?" Watu hunyamaza. Kisha mwenyekiti huuliza moja, mweka hazina huuliza lake, na mwalimu mstaafu huuliza matatu. Ripoti huandikwa kwamba watu 20 wamefunzwa. Lakini waliopata nafasi ya kuondoa shaka zao ni watatu tu.

Hasara yake ni ya pesa. Chukua mfano wa kikundi cha watu 20 kinachokopa Sh200,000 za kufuga kuku, kila mmoja akipata Sh10,000. Wote ni wadhamini wa wenzao. Mama aliyeketi nyuma ameshuhudia kuku wa kijiji kizima wakifa kwa kideri. Moyoni ana swali: chanjo itatoka wapi, na nani atailipia? Anaona haya, ananyamaza. Miezi michache baadaye ugonjwa unaingia, na wanachama watano wanashindwa kulipa. Deni la Sh50,000 linawaangukia wale 15 waliobaki, zaidi ya Sh3,300 kwa kila mmoja juu ya deni lake mwenyewe. Mama yule analipia swali ambalo hakuuliza, na wenzake wanalipa pamoja naye.

Mwezeshaji asiharakishe kusema kwamba wanaonyamaza hawana la kuuliza. Kijana huogopa kuonekana anashindana na wazee. Mkaza mwana aliye kikundi kimoja na mama mkwe wake hawezi kumhoji mbele ya watu. Asiyejua kusoma hudhani swali lake litachekwa. Mwenye deni la kikundi hujificha. Asiyesikia vizuri hushindwa kujua mazungumzo yamefika wapi. Na wapo wanaoelewa Kiswahili vizuri, lakini swali zito huwajia kwa lugha ya mama.

Kwa hiyo usawa wa maswali hauji wenyewe. Hupangwa, kama vile zamu ya kupokea pesa za chama inavyopangwa.

Hili limejaribiwa kwingine. Katika Uingereza ya miaka ya 1940, Reg Revans alisimamia elimu katika shirika la taifa la makaa ya mawe. Aliwaketisha mameneja wa migodi katika vikundi vidogo ili kila mmoja alete tatizo lake na wenzake wamuulize. Alishikilia kwamba mtu hujifunza kwa kuunganisha maarifa yaliyopo na maswali mapya. Baadhi ya vikundi vinavyofuata njia hiyo leo vina kanuni moja: mtu hatoi maelezo ila kwa kujibu swali, na yeyote anaweza kumuuliza yeyote. Kanuni hiyo humzuia mwenye maneno mengi kugeuza kikao kuwa hotuba yake.

Huko Marekani, mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Aligundua kwamba wengi husubiri sekunde moja hivi. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kuchangia na kuuliza.

Hapa Kenya, wakulima wanalijua shamba darasa, mtindo ulioanza Indonesia mwaka 1989 katika mashamba ya mpunga na kuingia nchini katika miaka ya 1990. Wakulima 20 hadi 30 hukutana msimu mzima. Hugawanyika katika vikundi vidogo, hukagua mimea na wadudu, huchora walichokiona, kisha huwaeleza wenzao na kuulizwa maswali. Anayeeleza hubadilika kwa zamu. Mkulima akimuuliza afisa, "Mdudu huyu ni nani?" afisa hamjibu papo hapo. Humrudishia swali: "Umemkuta wapi? Alikuwa anakula nini?"

Kutokana na hayo, zipo hatua tano ambazo kikundi chochote kinaweza kuzifuata bila gharama.

Kwanza, kaeni kwa duara. Safu huwapa wa mbele sauti na kuwaficha wa nyuma.

Pili, acheni kuuliza "Mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu, "Ndiyo." Ulizeni, "Ni jambo gani linaweza kutuharibia mpango huu?" Kisha mwezeshaji ahesabu polepole hadi kumi kabla ya kusema neno jingine.

Tatu, wape watu dakika tatu wazungumze wawiliwawili, kwa lugha yoyote, na kila jozi ilete swali moja. Swali la jozi halina mwenyewe, na mkaza mwana anaweza kulitoa bila kuonekana amekosa adabu. Hakikisheni tu kwamba hakuunganishwa na mama mkwe.

Nne, mpe kila mwanachama punje moja ya mahindi. Anayeuliza huweka punje yake kwenye bakuli, na hatauliza tena hadi wengine wapate nafasi. Kwa watu 20, swali na jibu zikichukua dakika mbili, zoezi zima ni dakika 40. Ni muda mdogo ukilinganisha na miaka ya kulipa deni.

Tano, katibu aandike kila swali katika kitabu cha kumbukumbu. Lisilo na jibu liandikiwe jina la mtu atakayelitafutia jibu na tarehe ya kulileta. Mtu ambaye swali lake limepotea mara mbili hatauliza mara ya tatu.

Pawe na tahadhari pia. Usawa si kulazimisha. Anayesema "Napita" aachwe apite, kisha aendewe baada ya kikao, maana huenda swali lake halifai kusemwa mbele ya watu. Na anayeuliza sana asiaibishwe, kwa sababu bidii yake ni mali ya kikundi. Mpeni kazi ya kuhesabu nani ameuliza na nani bado. Mwenyekiti naye aulize mwisho. Akianza yeye, wengine hufuata njia aliyoikata.

Jambo hili halikomei kwenye vikundi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini mtu ambaye hajawahi kuwauliza wenzake 20 habari za kuku atapata wapi ujasiri wa kusimama katika kikao cha bajeti na kuuliza habari za zahanati? Ujasiri huo hujengwa katika kikundi, punje kwa punje.

Katika kikao kijacho, kila katibu ahesabu jambo moja tu: ni wangapi waliouliza? Idadi hiyo isomwe kabla ya maombi ya kufunga, na kikao kinachofuata kijitahidi kuiongeza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wawezeshaji wana kazi ya kuhakikisha kwamba kila mwanachama anapata nafasi ya kuuliza.