Vijana Waliotaka Kuwinda Bata
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Bunyala, Kaunti ya Busia)



Nimeitwa hapa kwa sababu ya swali moja. Kikundi cha vijana kilituuliza hivi: "Sisi hatuna mtaji. Mpunga ukiwa shambani, bata wa porini hujaa majini. Tufundisheni jinsi ya kuanza kuwinda, tuuze nyama, tufungue akaunti." Ni swali la haki. Kijana asiye na kazi akiona chakula kikiruka juu ya kichwa chake, lazima aulize. Basi leo nitalijibu bila kuzunguka.

Jambo la kwanza ni sheria. Serikali yetu ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977. Kwa miaka mingi baadaye, kupiga aina fulani za ndege kwa leseni kuliruhusiwa, na ndiyo maana wazee wengine hapa wanakumbuka wageni wenye bunduki. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilifunga mlango huo. Kuwinda kwa mchezo ni kosa, kuwinda kwa kitoweo ni kosa, na kuuza nyama ya porini pia ni kosa. Msisikilize anayesema ndege si mnyama. Kikundi kilichoandikishwa hakiwezi kuandika "kuwinda bata" kwenye daftari lake, halafu mweka hazina alale usingizi.

Jambo la pili ni zito zaidi, na hapa naomba akina mama wasikilize sana. Sisi sote tunajua ndege wa Bunyala wanavyowindwa. Si kwa bunduki. Ni kwa sumu. Mtu hununua dawa ya kuua wadudu, ile ya chembechembe iitwayo kabofurani, anaichanganya na mpunga na kumwaga mahali bata wanapokula. Kwa korongo hutiwa ndani ya konokono. Wengine hufunga ndege hai pale kama chambo ili wenzake washuke. Baada ya muda mfupi ndege wanaanza kuyumba, wanakamatwa, wanachinjwa, na jioni wako sokoni.

Wengine husema, "Ukitoa matumbo haraka, nyama ni safi." Si kweli, ndugu zangu. Ndege akianza kuyumba, maana yake sumu imekwisha kuingia kwenye damu na inapiga mishipa ya fahamu. Damu hiyo ndiyo inayopita katika ile nyama. Kuchemsha si dawa ya kutegemea. Na dawa hiyo hufanya kazi ndani ya mtu vilevile inavyofanya ndani ya ndege: jasho, mate mengi, kutapika, tumbo kukatika, macho kuona giza, misuli kutetemeka, na mwisho pumzi kushindwa. Mtoto mdogo ndiye huumia kwanza kwa sababu mwili wake ni mdogo.

Ukiona dalili hizo, usipoteze wakati kumnywesha maziwa, wala usimlazimishe kutapika. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na uchukue ile pakiti au yule ndege mmwonyeshe daktari. Hospitali zina dawa ya kuzuia sumu hiyo, lakini haingoji. Na wewe unayeimwaga kwa mkono mtupu, kumbuka kwamba hupita hata kwenye ngozi, na maji ya mfereji ule ndiyo ng'ombe wanayokunywa.

Sasa vijana mtasema, "Mzee umetufungia mlango." La. Mwindaji mzuri anajua mambo mengi. Anajua bata anakula nini, anapenda kupumzika wapi, na adui yake ni nani. Ujuzi huo mnao tayari. Nataka muutumie kwa bata anayelala nyumbani kwenu.

Anzeni na bata wa kienyeji wale wenye vinundu vyekundu usoni, wanaoitwa Maskovi. Dume 1 na majike 5 yanatosha. Msinunue dume na majike kutoka boma moja, maana ndugu wakizaana vifaranga huwa dhaifu. Jike hulalia mayai siku 35. Bata wa aina nyingine huchukua siku 28, kwa hiyo msivunje mayai kwa haraka mkidhani yameoza.

Banda si lazima liwe la gharama. Udongo na nyasi vinatosha, ila sakafu iwe kavu na mlango ufungwe usiku, maana kicheche hana huruma. Asubuhi msiwafungulie mapema sana. Bata hutaga alfajiri. Ukimfungulia kabla ya wakati, ataliacha yai lake kwa jirani.

Bwawa si lazima. Karai la maji la kutosha bata kuzamisha kichwa chake chote linatosha, kwa sababu anasafisha macho na pua humo. Vifaranga wapeni maji ya kina kifupi, tena tieni mawe ndani. Kifaranga asiye na mama akilowa hupata baridi na kufa.

Chakula ni ugali uliovunjwavunjwa, pumba, vumbi la omena, sukuma wiki iliyokatwa, konokono na mchwa. Lakini sikieni: msiwape mahindi yaliyoota ukungu. Mnakumbuka mwaka 2004 kule Ukambani mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Bata ni mwepesi kufa kwa sumu hiyo kuliko kuku. Msiseme, "Haya yameharibika, wapeni bata."

Tena, msimlaze bata pamoja na kuku. Bata anaweza kuubeba ugonjwa wa kideri bila kuonyesha dalili, halafu kuku wa mama wote wakaisha. Wala msiwapeleke kwenye mpunga uliopigwa dawa. Mtakuwa mmerudi kulekule tulikotoka.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kila jike anaangua mara 2 kwa mwaka, kila mara vifaranga 10, na katika hao 3 wanakufa. Wanabaki 7. Majike 5 mara 7 mara 2 ni bata 70. Kama kikundi kina watu 10, ni 7 kwa kila mmoja. Toeni gharama ya chakula, wekeni majike wachache ya mbegu, wengine wauzeni. Si utajiri, lakini ni pesa ambayo unaweza kuihesabu mbele ya chifu bila kuangalia nyuma.

Mimi najua kuna mtu hapa ambaye ameisha kuuza ndege wa sumu. Sikuja kumtaja. Nataka tu ajiulize: je, sahani ile uliyoiuza, ungemwekea mtoto wako mwenyewe? Kama jibu ni hapana, kazi hiyo umeshaihukumu wewe mwenyewe.

Kabla hatujaachana, kila kikundi kichague watu wawili: mmoja wa kuulizia bata wa mbegu katika vijiji viwili tofauti, mwingine wa kumwona afisa wa mifugo. Mkutano ujao watueleze walichopata. Nasi akina mama, tukienda sokoni tuulize: ndege huyu amekufaje? Asiyeweza kujibu, tusinunue kwake. Soko likikauka, sumu haitakuwa na kazi.

Sasa ulizeni maswali, na vijana waanze.